df inasema diski imejaa, du inasema nusu: GB zangu zimekwenda wapi?

Swali: Habari za kazi, kaka. Nasimamia seva ya kukodi inayoendesha mfumo wa shule yetu. Ni Ubuntu, diski GB 40. Tangu Ijumaa wazazi wanashindwa kupakia picha za stakabadhi za ada, na mfumo unajibu `No space left on device`. Nikiandika `ls -lh` kila folda inaonekana ni 4.0K. `du -sh /` inanipa 19G, na juu yake mistari kibao ya `Permission denied`. `df -h` nayo inasema 38G zimetumika na hakuna iliyobaki. Nilishafuta kwa `rm` faili moja la logi lililokuwa kubwa mno, lakini nafasi haikurudi hata kidogo. Kati ya amri hizi ipi inanidanganya? Au ninunue tu diski kubwa zaidi?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu, na pole kwa usumbufu. Diski usinunue kwanza. Sehemu kubwa ya nafasi unayoitafuta unaweza kuirudisha leo hii bila kulipa shilingi, na dalili zote umeshazitaja mwenyewe: ile mistari ya `Permission denied`, na lile faili ulilolifuta.

Tuanze na `ls`, maana hiyo ndiyo inayowachanganya wengi. Ukiiuliza folda, `ls -lh` hukupa ukubwa wa folda yenyewe, na folda ni orodha tu ya majina. Kwenye ext4, mfumo wa mafaili wa kawaida wa Ubuntu, orodha hiyo huanza na bloku moja (kipande kidogo kabisa cha diski kinachogawiwa) ya baiti 4096, ndiyo hiyo 4.0K. Folda yenye GB 10 za video na folda isiyo na kitu zinaweza kuonyesha namba ileile. Kwa hiyo `ls` ni ya kupimia mafaili, si folda. Tuiache hapo.

Mgogoro halisi ni wa `df` na `du`, na hakuna inayodanganya. `df` haifungui folda hata moja. Inauliza mfumo wa mafaili: umeshagawa bloku ngapi, zimebaki ngapi? Jibu linakuja papo hapo hata diski iwe kubwa namna gani. `du` inafanya kazi ya miguu: inaingia folda baada ya folda, inatazama kila jina, inajumlisha bloku zinazoshikiliwa na kila faili. Ya kwanza inasoma daftari la ghala, ya pili inazunguka ghalani ikihesabu magunia. Zikitofautiana kwa mengi, maana yake kuna bloku zilizoshikwa ambazo `du` haikuzifikia, na sababu zake si nyingi: ilizuiwa mlangoni, au jina la faili limeshafutwa, au kitu kimefunikwa na kitu kingine. Kwako naziona mbili za mwanzo kwa pamoja.

Andika kwanza hivi:

```
df -h -x tmpfs -x squashfs
```

Hizo `-x` mbili zinaondoa takataka za macho. Ubuntu hupachika (mount) kila programu ya snap, yaani iliyofungwa kwa mtindo wa vifurushi vya Ubuntu yenyewe, kama diski ndogo ya kusomwa tu, na kwa kuwa haiandikiki, daima husomeka 100%. Kuna watu wamehangaika usiku kucha na `/dev/loop3` iliyojaa, kumbe ndivyo ilivyozaliwa. Zikishaondoka, unabaki na mstari wenye maana:

```
Filesystem   Size  Used Avail Use% Mounted on
/dev/vda1     40G   38G     0 100% /
```

Hapa utauliza: 40 toa 38 ni 2, sasa mbona Avail ni sifuri? Ext4 kwa kawaida huweka akiba asilimia 5 ya bloku kwa ajili ya mtumiaji `root`, na asilimia 5 ya 40 ni hizo 2. Ndiyo maana mfumo wa shule umekwama ilhali wewe bado unaweza kuingia na kufanya kazi kwa `sudo`. Akiba hiyo kwenye diski ya mfumo iache ilivyo. Kwenye diski ya pili, ya kuhifadhia data tu, unaweza kuipunguza kwa `tune2fs -m 1`, lakini hayo si ya leo.

Sasa rudia kipimo cha `du`, safari hii kwa mamlaka kamili:

```
sudo du -xhd1 / | sort -h
```

`-x` inaiambia `du` ibaki kwenye diski hii moja, isiingie kwenye nyingine zilizopachikwa chini yake. `-h` inaandika K, M na G badala ya namba ndefu. `-d1` inaonyesha ngazi moja tu ya folda, ingawa hesabu yenyewe inafika mpaka chini kabisa. `sort -h` inapanga kwa kuzielewa hizo herufi. Ukikosea ukaandika `sort -n`, 900K itakaa chini kama ndiyo kubwa na 2G itapotelea juu, utafute mchawi asiyekuwepo. Kubwa zote sasa zitakuwa mistari ya mwisho. Ukiona `/var` ndiyo nzito, unashuka nayo: `sudo du -xhd1 /var | sort -h`, kisha `/var/lib`, na kuendelea, mpaka ufike kwenye folda ambayo uzito wake ni wa mafaili yake yenyewe.

Nina hakika jumla itapanda kutoka 19G. Folda kama `/var/lib/mysql` haisomeki na mtumiaji wa kawaida, na `du` ikizuiwa haikadirii. Inalalamika mstari mmoja, kisha inahesabu kana kwamba ndani hamna kitu. Mfumo wa shule bila shaka una hifadhidata. Kama ni MySQL 8, huandika kumbukumbu ya kila badiliko kwenye mafaili ya `binlog.000001`, `binlog.000002` na kuendelea, na kwa mpangilio wake wa kawaida huyatunza siku 30. Shule inayopokea ada na kuingiza matokeo ya mitihani kwa wiki moja inaweza kujaza GB kadhaa hapo bila mtu kujua. Mafaili hayo usiyaguse kwa `rm`, kwa sababu MySQL inaweka orodha yake na itakuja kuyatafuta. Ingia ndani ya MySQL yenyewe useme:

```
PURGE BINARY LOGS BEFORE NOW() - INTERVAL 3 DAY;
```

Lakini kwanza hakikisha una nakala rudufu ya hifadhidata ya siku hizi mbili tatu, na kwamba hakuna seva nyingine inayonakili kutoka kwa hii.

Tuje kwenye faili ulilolifuta. Kwenye Linux, `rm` haifuti data. Inafuta jina. Faili lenyewe, yaani bloku zake na ile rekodi yake inayoitwa inodi, huachiwa pale tu masharti mawili yanapotimia: hakuna jina linaloelekea kwake, na hakuna programu iliyolifungua. Programu yako ilikuwa imelishika lile faili la logi, na bado imelishika sasa hivi. Tena bado inaendelea kuandika humo. Kwa hiyo `du` inapita haioni jina, inaruka. Nayo `df` inaona bloku hazijaachiwa, inazihesabu. Ndiyo maana hukupata hata MB moja.

Wenye kushikilia mafaili yasiyo na jina unawaona hivi:

```
sudo lsof -nP +L1
```

`+L1` maana yake: nionyeshe mafaili yaliyofunguliwa ambayo majina yake yamebaki pungufu ya moja. Kwako pengine utaona kitu cha namna hii:

```
COMMAND  PID  USER    FD  TYPE  SIZE/OFF     NLINK  NAME
java     1187 tomcat  1w  REG   15032385536  0      /opt/mfumo/logs/catalina.out (deleted)
```

Nimepunguza safu mbili ili mstari usome vizuri. Tazama SIZE/OFF: baiti 15,032,385,536, gawanya kwa 1,073,741,824, unapata 14 kamili. Kama kwako namba zitakuja karibu na hizo, na `du` ya `sudo` ikatoka karibu 24G, hesabu imefunga: 24 na 14 ni 38.

Dawa iliyo safi ni kuiwasha upya huduma inayolishika, kwa mfano `sudo systemctl restart tomcat9`, au jina lolote inalotumia kwako. Ikizimika, inaachia, na nafasi inarudi sekunde hiyohiyo. Kama ni saa za kazi na huwezi kuizima, kuna mlango wa pembeni. Keneli, kiini cha Linux, huweka njia ya kulifikia kila faili lililofunguliwa chini ya `/proc`, kwa namba ya mchakato (safu ya PID) na namba iliyo kwenye safu ya FD, bila ile herufi `w`:

```
sudo truncate -s 0 /proc/1187/fd/1
```

Hiyo inalikamua faili mpaka baiti sifuri wakati programu ikiendelea kufanya kazi. Ila soma jina kwanza kabla ya kubonyeza Enter. Katika orodha ya `lsof` mara nyingi utamkuta MySQL ana mafaili yake ya muda ndani ya `/tmp`, nayo yamefutwa jina kwa makusudi. Hayo ni yake, ni madogo, na ukiyakamua unatafuta balaa. Mlango huu ni wa logi tu.

Siku nyingine logi ikivimba, usiifute. Iache jina lake, imwage tu:

```
sudo truncate -s 0 /opt/mfumo/logs/catalina.out
```

Kisha iwekee utaratibu kwenye `logrotate`, programu ya kuzungusha logi, izungushwe kila siku au ikifika MB 200, na kwa programu zisizojua kufungua upya logi zao tumia chaguo la `copytruncate`. Kuna kasoro moja ndogo niitaje: programu ambayo haikufungua logi kwa namna ya kuongezea mwishoni itaendelea kuandika pale ilipoishia. Utaona `ls` ikisema faili ni 14G tena, na `du` ikisema 3M. Hapo uiamini `du`.

Hilo si jambo la ajabu, na unaweza kujionea mwenyewe hapohapo, hata kwenye diski iliyobanwa:

```
truncate -s 10G jaribio.img
ls -lh jaribio.img
du -h jaribio.img
```

`ls` itasema 10G, `du` itasema 0. Faili limetangaza urefu wa 10G lakini hakuna bloku iliyoandikwa; lina matundu matupu. Diski za mashine pepe huwa hivi, na `/var/log/lastlog` pia. Kinyume chake nacho kipo. Andika herufi moja tu kwenye faili, `ls -l` itasema baiti 1, `du -h` itasema 4.0K, kwa sababu ext4 haigawi chini ya bloku nzima. Ukiwa na mafaili milioni moja ya baiti 100 kila moja, maudhui yake ni MB 100, ila diskini yamekula zaidi ya GB 4. Ukitaka `du` ikupe urefu uliotangazwa badala ya nafasi iliyoliwa, ongeza `--apparent-size`. Kwa swali la diski kujaa, huihitaji.

Nikukanye pia kuhusu `du -sh *`, ambayo naona inafundishwa kila mahali. Nyota haigusi majina yanayoanza na nukta. `.cache`, `.git`, `.npm`, zote zinaachwa nje, na kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji anayetengeneza programu hapo ndipo palipo na mzigo. `du -hd1` haina tatizo hilo.

Kutafuta mafaili makubwa moja kwa moja, bila kushuka folda kwa folda:

```
sudo find / -xdev -type f -size +200M -exec ls -lh {} +
```

Usiisahau `-xdev`. Bila hiyo `find` itaingia `/proc` na kukuletea `/proc/kcore`, ambalo kwenye mashine nyingi za leo husomeka 128T. Si faili la diski; ni dirisha la kumbukumbu ya mashine. Watu wameshawahi kutaka kulifuta.

Wahalifu wa kawaida kwenye Ubuntu, ukiwa tayari uko humo ndani: `journalctl --disk-usage` itakuambia jarida la logi (journal) la systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, limekula kiasi gani (kikomo chake cha kawaida ni asilimia 10 ya diski, lisizidi 4G), na `sudo journalctl --vacuum-size=300M` inalipunguza. `sudo apt clean` inaondoa mafaili ya vifurushi yaliyopakuliwa kwa ajili ya kusakinisha; programu zenyewe zinabaki. Kama unatumia Docker, `docker system df` kabla ya kitu kingine chochote, na usiingie kufuta kwa mkono ndani ya `/var/lib/docker/overlay2` hata ukiona imefika 15G. Hapo utaivunja Docker yenyewe.

Je, kama ungeona `df -h` bado ina nafasi, na ujumbe ni uleule wa kwamba hakuna nafasi? Hapo ungeandika `df -i`. Ext4 hutenga idadi ya inodi siku diski inapoandaliwa, kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384. Diski ya GB 40 hupata kama milioni 2.6. Zikiisha, huwezi kuunda faili jipya hata kama GB 20 ziko wazi. Mara nyingi kinachozimaliza ni mamilioni ya vifaili vya sesheni za PHP au barua zisizosomwa za cron, kipangaji cha kazi za ratiba. Folda yenye mafaili mengi inapatikana kwa `sudo du --inodes -xd1 / | sort -n`, na hapa `sort -n` ndiyo sahihi, maana ni namba tupu.

Ile sababu ya tatu, ya kufunikwa, nakuachia endapo hesabu yako haitafunga baada ya haya yote. Tuseme una diski ya pili ya nakala rudufu, hupachikwa `/mnt/bakapu`. Usiku mmoja haikupachikwa, na hati yako ya cron ikaendelea kuandika kwenye folda hiyohiyo, ambayo usiku huo ilikuwa sehemu ya diski kuu. Kesho yake diski ikapachikwa juu yake. Yale mafaili ya jana yapo chini, `df` inayaona, `du` haiyaoni. Unayafunua hivi:

```
sudo mkdir /tmp/mzizi
sudo mount --bind / /tmp/mzizi
sudo du -xhd1 /tmp/mzizi/mnt
```

Ukimaliza, `sudo umount /tmp/mzizi`, na usifute folda ya `mzizi` kabla ya kuitoa, maana ndani yake ni mfumo wako wote.

Kwa seva yako, basi, mpangilio wa leo uwe huu. Anza na `lsof +L1` na kuwasha upya huduma iliyoshika logi (Tomcat, kama ndiyo yenu), kwa sababu hapo ndipo nafasi inarudi kwa wingi na haraka, na MySQL inahitaji pumzi kidogo kabla hujaigusa. Usishangae kama kubonyeza Tab kunakataa na kukuletea `cannot create temp file for here-document`. Kwenye bash za zamani kidogo ukamilishaji wa majina huandika faili la muda, nalo halina pa kukaa. Andika njia nzima kwa mkono. Nafasi ikirudi, nakala rudufu ya hifadhidata, ihifadhiwe nje ya seva hii. Kisha binlog. Kisha logrotate. Halafu rudi kwa `df -h`: ikiwa chini ya asilimia 60, pesa ya diski itumieni kwa mengine. Kama wazazi wanapakia picha za MB 4 kila mmoja na shule ina wanafunzi mia kadhaa, picha hizo zenyewe zitahitaji mpango wake, walau kuzipunguza ukubwa zinapopakiwa. Folda yake unaifuatilia kwa `du -sh` mara moja kwa wiki.

Jambo la mwisho, kama kompyuta unayofanyia kazi ni Mac: `du -hd1` na `sort -h` zinafanya kazi vilevile, ila `--max-depth` haipo kwenye `du` yake, ndiyo maana hapa nimetumia `-d`. Na ukifuta GB 30 kwenye Mac kisha `df` isitikisike, usimtafute mwenye kushika faili kwanza. Andika `tmutil listlocalsnapshots /`. Time Machine, programu ya Mac ya nakala rudufu, hutunza picha za diski (snapshot, yaani hali ya diski ilivyokuwa) za saa zilizopita, na ulichokifuta kinaendelea kuishi ndani yake mpaka picha hizo ziondolewe.